Mwulize hali kabla ya mali

Ndugu msomaji, wahenga walituachia neno zito: asiyekuwapo na lake halipo. Katika milima ya Uluguru neno hilo lina uzito wa pekee. Shamba lisilolimwa huota magugu, magugu humwita jirani, na jirani akishapanda migomba mitatu minne, shauri hufika kwa wazee wa ukoo. Kwa hiyo mtoto wa mlimani anapokwenda ng'ambo kusoma au kufanya kazi, habari zake ndizo zinazomshikia mahali pake nyumbani. Zikija, yupo ingawa hayupo. Zikikatika, huanza kusahauliwa angali hai.

Nimeyakumbuka hayo baada ya kupokea barua ya mama mmoja wa Mji Mpya, mjini Morogoro. Ameniruhusu kuieleza hapa kwa sharti kwamba nisitaje majina, nami natii.

Mama huyu ni mzaliwa wa upande wa Mgeta, na ameuza mboga mjini kwa zaidi ya miaka 20. Binti yake wa pili alihitimu katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, akafanya kazi miaka mitatu, kisha akapata ufadhili wa kusomea shahada ya pili ya lishe nchini Uingereza. Ufadhili ulilipa ada. Nauli, nguo za baridi na fedha za kuanzia maisha zilichangwa na ukoo. Mjomba mkubwa aliuza mbuzi wawili. Wengine walitoa fedha za karoti na kabichi za msimu mzima. Akina mama wa kikundi cha kuweka na kukopa wakakopesha kilichopungua.

Mwaka wa kwanza habari zilimiminika kama mvua ya masika. Kila Jumapili, saa mbili usiku, simu ililia na nyumba nzima ikajaa. Zilikuja picha za theluji, za maktaba yenye ghorofa tano, za treni zipitazo chini ya ardhi. Binti alikwenda Scotland, akaleta habari za milima isiyo na miti. Akaenda Paris siku tatu na wenzake wa darasa, akaleta habari za mkate wa asubuhi. Watoto wa jirani waliyajua majina ya vituo vya treni vya London kabla ya kuyajua ya reli yao wenyewe.

Kisha masomo yakaisha. Ikaja picha ya joho, na baada ya hapo simu zikaanza kupungua. Kwa miezi saba sasa hakuna kinachokuja ila maneno machache ya maandishi: "Nipo salama, nitapiga." Katika ukoo yameanza kusemwa yanayosemwa siku zote: amejisahau, ameringa, Ulaya imemmeza. Mjomba mmoja amependekeza kwamba kipande cha shamba alichotengewa kando ya kijito huko Nyandira apewe mpwa mwingine, maadam mwenyewe harudi.

Hatimaye msafiri mmoja aliyetoka Manchester alimweleza mama ukweli. Binti hakupata kazi ya lishe aliyoitarajia. Anafanya kazi ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee: anawaosha, anawalisha, anawageuza kitandani. Anaishi chumba kimoja na wenzake wawili, na sehemu ya mshahara inakwenda kwenye deni. Alimsihi msafiri yule asiseme neno nyumbani.

Mama anauliza maswali matatu. "Nimwambie kwamba najua? Niwaambie wajomba zake? Au ninyamaze kama yeye alivyonyamaza?"

Mama yangu, shikamoo. Nitajibu yote matatu, lakini niruhusu kwanza nizungumze juu ya kunyamaza kwenyewe, kwa maana kimya cha mtu aliye mbali kina sababu nyingi, na Morogoro ni mji ulioziona.

Kulikuwa na wakati ambapo vijana wa watu waliishi ng'ambo, na ng'ambo yao ilikuwa hapa kwetu. Mwaka 1976 wanafunzi wa Soweto walipoinuka dhidi ya ubaguzi na kupigwa risasi, maelfu ya vijana walivuka mipaka ya Afrika Kusini. Mwaka 1977 Serikali ya Tanzania ilikipa chama cha ANC eneo la Mazimbu, lililokuwa shamba la mkonge, nao wakajenga hapo shule, nyumba, karakana na hospitali. Shule hiyo ilipewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Waliosoma na kufundisha pale wengi walitumia majina ya kubuni. Hawakuweza kuandika barua nyumbani kwa uhuru, kwa sababu barua moja iliyokamatwa ingeweza kuwapeleka polisi kwenye mlango wa wazazi wao. Kimya chao kilikuwa ngao ya mama zao.

Mwaka 1992, baada ya ANC kuruhusiwa tena nchini mwake, Mazimbu ilikabidhiwa kwa Tanzania, na leo ni kampasi ya chuo kile kile alichosoma binti huyu. Makaburi ya wale ambao hawakuwahi kurudi kwao yapo pale pale. Yeyote anayepita hapo na kuyasoma majina yale ataelewa thamani ya ujumbe mmoja ufikao nyumbani, hata kama ni wa maneno manne.

Kimya cha binti huyu ni cha namna nyingine. Ni kimya cha haya, na hicho nacho kina historia ndefu. Mwandishi Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021, aliondoka kwao akiwa kijana mwishoni mwa miaka ya 1960. Hakuweza kurudi Zanzibar hadi mwaka 1984, akamwona baba yake muda mfupi kabla mzee huyo hajafariki. Katika riwaya yake iitwayo Admiring Silence, iliyotoka mwaka 1996, msimulizi ni mtu wa Zanzibar anayefundisha London. Huko anawasimulia wenyeji wake hadithi za kwao alizozitunga, na nyumbani kwao hajaeleza kwamba anaishi na mwanamke wa Kiingereza na wamezaa binti. Anaporudi baada ya miaka mingi, jamaa wamekwisha kumtafutia mchumba. Uongo wa huku na kimya cha kule vimemwacha katikati, hana mahali pa kusema kweli. Hadithi hiyo ni ya kubuni, lakini kila anayemfahamu kijana wa ng'ambo atamtambua mtu huyo.

Sasa tujiulize: haya hiyo huletwa na nani? Mama ameandika kwa uaminifu mkubwa, nami namheshimu kwa hilo. Anasema kwamba katika simu ndefu ya mwisho simu ilipita mikononi mwa watu sita. Wa kwanza aliomba ada ya mtoto. Wa pili aliomba mabati. Wa tatu aliulizia simu mpya, wa nne pikipiki ya biashara, wa tano mchango wa harusi. Wa sita, aliyekuwa bibi mzaa mama, alitaka kuuliza kama mjukuu wake anakula, lakini salio likawa limekwisha.

Ndugu msomaji, tuihesabu ng'ambo kama tunavyohesabu mishahara yetu wenyewe. Mwanafunzi wa shahada nchini Uingereza, aghalabu, haruhusiwi kufanya kazi zaidi ya saa 20 kwa juma wakati wa muhula. Mfanyakazi naye hukatwa kodi kabla hajaugusa mshahara, kisha hulipa pango, umeme, joto la nyumba na nauli kwa bei za huko. Sisi hubadilisha pauni kuwa shilingi, tukaona mlima wa fedha. Tunasahau kwamba yeye hainunui mkate kwa shilingi. Mfanyakazi wa kiwandani Morogoro anajua vizuri mshahara unavyoisha tarehe 15. Mbona hataki kuamini kwamba na huko mwezi una tarehe 15?

Hapo ndipo kijana huanza kuchagua. Akipiga simu ataombwa, akiombwa atakataa, akikataa ataitwa mchoyo. Akisema kwamba hana, ataulizwa Ulaya alifuata nini. Anaona heri asipige. Kila juma linalopita linaifanya simu ijayo kuwa ngumu zaidi, kwa sababu sasa atalazimika kueleza hata kimya chenyewe.

Kuna jambo jingine linalonishangaza. Mji wetu unajua kumsifu mwanawe aliyefanya kazi mbali. Mwaka 1970 bendi ya Morogoro Jazz, pamoja na Mbaraka Mwinshehe na gitaa lake, ilikwenda Japani kwenye Maonyesho ya Dunia ya Osaka, na hadi leo wazee wa Morogoro husimulia safari hiyo kama harusi ya ukoo. Hata panya tumempigia makofi. Panya buku aitwaye Magawa, aliyezaliwa na kufunzwa hapa Morogoro na shirika la APOPO lililopo SUA, alipelekwa Kambodia mwaka 2016 kunusa mabomu. Septemba 2020 shirika la PDSA la Uingereza lilimvisha nishani ya dhahabu, na alipostaafu mwaka 2021 alikuwa amegundua mabomu 71 ya kutegwa ardhini. Alikufa Januari 2022. Kazi ya panya wetu tumeihesabu bomu kwa bomu. Kazi ya binti yetu hatukuiuliza hata jina.

Na kazi hiyo ni ipi? Ni kumwosha mzee asiyeweza kujiosha na kumlisha aliyesahau kutafuna. Mlimani kwetu nani hufanya kazi hiyo? Hufanywa na binti mwenye adabu, na wazee humbariki kwa ajili yake. Anayekwepa kumwosha bibi yake ndiye husemwa kisimani. Basi iweje kazi inayoleta baraka Nyandira ilete aibu Manchester? Haya hiyo binti ameipata kwetu tuliomtegemea arudi na cheo, na sisi ndio wenye uwezo wa kuiondoa.

Tuache pia dhana kwamba faida ya mtoto aliye ng'ambo hufika kwa hawala ya fedha peke yake. Mkulima wa Mgeta amwulize mzee wake mbuzi wa maziwa walitoka wapi. Katika miaka ya 1980 mbuzi wa maziwa kutoka Norwei waliletwa katika milima hiyo, kwa ushirikiano wa wataalamu wa Morogoro na wenzao wa Norwei. Ushirikiano huo ulijengwa tangu miaka ya 1970 na watu waliosafiri: Wanorwei waliokuja kufundisha Morogoro, na Watanzania waliokwenda kusoma katika chuo cha kilimo cha Ås, karibu na Oslo, mahali ambapo mwezi wa Desemba jua huchomoza yapata saa tatu asubuhi na kuzama saa tisa alasiri. Ubaridi wa juu mlimani uliwafaa mbuzi wale, na watoto wa Mgeta wakanywa maziwa. Elimu ilikuja na ikakaa.

Binti huyu amesomea lishe, na kila usiku anawalisha wazee. Anajua sasa chakula gani hulainishwa vipi kwa asiye na meno, na mgonjwa wa kitandani ageuzwe vipi asipate vidonda. Hayo ni maarifa ambayo kila nyumba yenye bibi inayahitaji. Angeulizwa, angeyaeleza kwa furaha, na simu ile ingekuwa na jambo la kuzungumza zaidi ya mabati.

Mama yangu, sasa nijibu maswali yako.

Je, umwambie kwamba unajua? Mwambie. Ukijua na ukajifanya hujui, mtakuwa wawili mnaofichana. Lakini usimpigie ghafla, wala usimtaje aliyekuletea habari. Mwandikie kwanza, ili apate kulia peke yake na kujibu akiwa tayari. Waweza kuandika hivi:

"Mwanangu, sisi hatujambo. Bibi yako anakula vizuri, mguu tu ndio unaomsumbua. Mvua imenyesha na karoti zimeota. Nimesikia kwamba unafanya kazi ya kuwatunza wazee usiku. Nimefurahi kwamba mikono niliyoilea inamwosha mzee wa watu. Sina ombi lolote katika barua hii. Nataka kujua unalala saa ngapi, unakula nini, na baridi unaivumiliaje. Ukipata nafasi Jumapili, nipigie. Nitakuwa peke yangu."

Neno la mwisho ulitimize. Siku hiyo simu isizungushwe.

Je, uwaambie wajomba? Hilo si lako kulitoa kabla mwenyewe hajaridhia. Mkishazungumza, mwombe aongee na mjomba wake kwa kinywa chake. Wewe ni Mluguru, unajua kwamba kwetu mtoto huhesabiwa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli. Mjomba aliyeuza mbuzi wawili ana haki ya kuambiwa ukweli, tena na aliyeuziwa mbuzi hao. Akiambiwa kwa heshima, nina imani atakuwa wa kwanza kuwanyamazisha wanaosema ameringa.

Kuhusu shamba, nenda wewe Nyandira mapema. Usiwaeleze siri ya binti. Waombe tu wazee wasubiri mpaka azungumze nao. Wakati huo huo tafuta ndugu mwaminifu alilime kwa niaba yake, mbele ya shahidi, ili lisikae pori. Fimbo ya mbali haiui nyoka, ndiyo. Lakini mwenye fimbo akiwa mbali anaweza kumwazima aliye karibu. Kisha waulizeni viongozi wa kijiji utaratibu wa hati ya haki miliki ya kimila, ili kesho neno la mdomo lisije likageuzwa.

Je, unyamaze? La. Kimya kimoja katika nyumba kinatosha.

Nanyi vijana mlio mbali, ambao najua gazeti hili huwafikia kwa picha za simu mnazotumiwa na ndugu, nina maneno matatu kwenu.

La kwanza, wekeni siku na saa. Saa mbili usiku hapa Morogoro ni saa kumi na moja jioni London wakati wa baridi, na saa kumi na mbili wakati wa kiangazi chao. Toronto wakati wa baridi ni saa sita mchana. Saa za kwetu hazibadiliki, za kwenu hubadilika. Mzazi asiyejua hilo hukaa na simu mkononi saa nzima akidhani ametupwa. Na kumbukeni kwamba Uluguru kuna vitongoji ambako mtu hupanda mwinuko kutafuta mtandao. Bibi hawezi kupanda mwinuko kila siku kwa kubahatisha.

La pili, habari mbaya zisindikizane na njema tangu mwanzo. Aliyeona picha za Paris tu atashindwa kuamini habari za chumba cha watu watatu. Piga picha ya theluji, na piga pia picha ya viatu vilivyolowa. Mzazi anayezijua shida zako ndogo hatashtushwa na kubwa.

La tatu, semeni mapema mnachoweza na msichoweza. Kijana akisema, "Kila baada ya miezi mitatu nitatuma kiasi hiki, na zaidi ya hapo sina," nyumba itapanga mambo yake. Akiahidi kila mtu, atamkimbia kila mtu. Na mnapotuma fedha za kujenga, zisipitie kwa mtu mmoja asiye na shahidi. Nyumba nyingi zilizojengwa kwenye simu hazina hata msingi, na undugu mwingi umezikwa katika viwanja hivyo.

Kwetu sisi tuliobaki, wajibu ni mmoja na si mgumu. Mwenzetu anapopiga simu kutoka mbali, tumwulize hali kabla ya mali. Tumwulize amekula nini, nani anamwuguza akiugua, ana rafiki wa kusali au kucheka naye. Tumweleze pia hali yetu kwa kweli, pamoja na yale tunayomficha: kwamba baba alilazwa, kwamba kaka ameachishwa kazi. Tukimtaka atuamini na udhaifu wake, tumwamini na wetu. Mwenda tezi na omo marejeo ngamani. Lakini huyo mrejeaji sharti akute ngamani kuna watu wanaomjua alivyo.

Mama wa Mji Mpya ameniahidi kwamba ataiandika barua ile juma hili. Nami nawaomba wasomaji wenye watoto, wadogo au wenza walio ng'ambo wasingoje Jumapili nyingine. Leo usiku, saa mbili, simu ipigwe kutoka huku, na muda wa maongezi ulipwe na sisi.

Tukijaliwa, tuonane Jumapili ijayo.